Speedtimer ya shemeji na GA-2100 yangu: mwezi mmoja wa kubadilishana saa

Jumatatu ya kwanza nilipoingia chumba cha walimu na saa ya shemeji mkononi, mwenzangu wa Kemia alinishika kiganja, akaikodolea macho, kisha akanirudishia mkono wangu kwa huruma. "Pole, Mwalimu. Saa ni nzuri lakini imekufa."

Alikuwa ameuona mshale mrefu wa sekunde umesimama wima kwenye 12, hautikisiki. Nikabonyeza kitufe cha juu, mshale ukaondoka mbio. Nikabonyeza tena, ukasimama. Nikabonyeza cha chini, ukarudi kwenye 12. Akacheka, akataka kujaribu mwenyewe, na kipindi chake cha saa mbili na nusu asubuhi kikachelewa kuanza kwa dakika nne. Najua ni nne kwa sababu tulizipima.

Naanza na kisa hicho kwa kuwa ndicho kinachowababaisha wengi wanaonunua kronografu, yaani saa yenye kipima muda ndani yake, mara ya kwanza. Ule mshale mrefu wa katikati hauhesabu sekunde za siku. Kazi yake ni kupimia muda, na hulala hapo juu mpaka uuamshe. Sekunde za kawaida zinatembea kwenye kiduara kidogo ndani ya uso wa saa. Nimewahi kumwona mtu akirudisha saa nzima dukani, akigomba kwamba ameuziwa mzoga.

Sasa saa zenyewe. Shemeji yangu anakaa Nakuru, upande wa Section 58. Ni mhasibu, na ugonjwa wake ni magari ya mashindano: tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hakuna mwaka ambao hakushuka Naivasha kwenda kulishwa vumbi. Saa yake ni Seiko Prospex Speedtimer, modeli SSC813, yenye uso mweupe na viduara vyeusi, aliyoinunua kwa gawio la sacco. Kwa bei yake unapata pikipiki iliyotumika, jambo ambalo dada yake, yaani mke wangu, hajaacha kumkumbusha. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Kisumu, na yangu ni Casio G-Shock GA-2100, ile ya pembe nane, nyeusi tii kuanzia mkanda hadi mishale.

Likizoni tulikaa kibarazani kwake tukibishana. "Shem, hiyo yako ni saa ya mwanafunzi," akaniambia. Nikamjibu yake ni ya harusi, ikipata jasho itazimia. Mwisho wa ubishi tukavuliana saa. Yeye akabaki na yangu Nakuru, mimi nikapanda matatu na yake, tukapeana mwezi mmoja.

Mkono kwanza

Kila anayetaka kununua saa huuliza kipenyo, na kipenyo kinadanganya. Speedtimer ina milimita 39. GA-2100 ina upana wa milimita 45.4. Ukizisoma namba hizo peke yake utadhani ya Casio ni sinia. Lakini kinachoamua kama saa itakukaa ni urefu wake kutoka ncha ya juu, pale mkanda unaposhikia, hadi ncha ya chini. Hapo Speedtimer ni milimita 45.5 na GA-2100 ni 48.5. Ghafla tofauti imekuwa milimita tatu.

Chukua rula, ilaze juu ya mkono pale unapovalia saa, upime ile sehemu bapa kabla ngozi haijaanza kuteremka pembeni. Wangu ni mwembamba, sentimita 16.5 kwa uzi wa kuzungusha, na sehemu bapa ni milimita 53. Saa ikizidi hapo, ncha zake hutokeza nje kama mabati yaliyopita ukuta, na upepo wote wa dunia hupita chini yake. Zote mbili zinanitosha. Shemeji ana mkono wa sentimita 19, kwake hata bakuli lingekaa.

Unene ndio uliotutenganisha. GA-2100 ni milimita 11.8, Speedtimer 13.3. Ukiziweka mezani huoni kitu. Lakini Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya bahari, na mwezi wa saba pale watu huenda kazini na shati la mikono mirefu, sweta, na koti juu yake. Siku ya tatu shemeji alinipigia simu kuniambia jambo ambalo hakutaka kulikiri: saa yangu ilikuwa inateleza chini ya kifungo cha shati bila kelele, wakati yake ilikuwa imeshamkwaruza kifungo kimoja hadi uzi ukakatika. Mimi huku Kisumu nashinda kwa fulana. Unene haunihusu ndewe wala sikio.

Uzito ulinihusu. GA-2100 ina gramu 51, na baada ya saa moja umeisahau. Speedtimer na cheni yake ya chuma inazidi mara mbili ya hapo. Kutembea nayo ni raha, una kitu mkononi na unakijua. Kukimbia nayo ni hadithi nyingine. Nilizunguka uwanja na vijana raundi sita, saa ikawa inapanda na kushuka kama ndoo kisimani, ikigonga ule mfupa wa nje kila hatua. Kesho yake nikaibana. Asubuhi saa moja ilikaa sawasawa. Kufikia saa nane, joto la Kisumu limeshaujaza mkono maji, saa imegeuka pingu. Mkanda wa raba unauhamisha tundu moja na maisha yanaendelea. Cheni inataka utulie, uifungue na kusogeza pini, au umwone fundi akutolee pingili.

Dawa niliipata kwa bahati. Speedtimer inachukua mkanda wa milimita 20, kipimo ambacho kila fundi wa saa anacho kwenye kijisanduku chake. Nilinunua wa nailoni, nikaivua cheni, na saa ikawa nyingine: nyepesi, haigongi, jasho linakauka upesi. Hilo huwezi kulifanya na GA-2100 kirahisi, kwa sababu mkanda wake umeundwa kwa umbo la saa yenyewe na wa kawaida haushikani nao bila kipande cha kuunganishia. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha mikanda kama soksi, hapo Seiko inashinda bila refa.

Jambo moja dogo zaidi la mkono, halafu nihamie uwanjani. Speedtimer ina vitufe viwili vilivyochomoza na kizungushio katikati yake. Ukiinama kupiga pushapu, vinakuchoma mgongo wa kiganja, na ukiamka una alama tatu kama umeumwa na mnyama mdogo. GA-2100 haina kizungushio kabisa, na vitufe vyake vinne havikuchomi. Vijana wangu wakiona naanza kuivua saa kabla ya pushapu, wanajua leo ni nyingi.

Uwanjani

Hapa ndipo nilipotarajia kumcheka shemeji. Speedtimer inapima kwa sehemu ya tano ya sekunde, yaani mshale unapiga hatua tano kila sekunde. GA-2100 inapima kwa sehemu ya mia. Moja ya tano dhidi ya moja ya mia, mechi imeisha kabla ya mapumziko, au sivyo?

Sivyo kabisa. Kwa kanuni za riadha za dunia, muda uliopimwa kwa mkono katika mbio za uwanjani hauandikwi kwa mia. Unapandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata. Saa ikionyesha 10.11, inaandikwa 10.2. Na wapimaji rasmi huwa watatu; wakitofautiana wote, unachukuliwa muda wa katikati. Sababu ni kidole. Toka jicho lione mpaka kidole kibonyeze, sehemu ya tano ya sekunde inaweza kuwa imeshaliwa. Dhahabu ya Kipchoge Keino ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968 inasomwa 3:34.9, tarakimu moja tu baada ya nukta, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba haikutosha.

Kwa hiyo ile mia ya G-Shock ni urembo mtamu. Lakini moja ya tano nayo ni kubwa mno kwa mbio fupi. Nilikuwa na wasichana wawili wa mita 100, mmoja ana 13.1 na mwingine 13.2 kwenye daftari langu. Kwa Speedtimer wote wawili ni 13.2. Huwezi kumwambia mtoto hajaongeza kasi kwa sababu mshale wako unaruka kwa hatua ndefu.

Na ukipima mita 100, tafadhali, usisubiri sauti. Sisi tunaanzishia kwa vibao viwili vya mbao vinavyogonganishwa. Sauti ya vibao inachukua karibu sekunde 0.3 kufika kwako uliye mwisho wa mbio. Bonyeza unapoviona vibao vinakutana, au unapouona moshi kama mna bastola. Kosa la sekunde 0.3 ni kubwa kuliko tofauti yote ya saa hizi mbili, na nimewaona walimu wenye saa za bei mbaya wakilifanya kila msimu, kisha wanashangaa vijana wao wakifika mashindano ya kaunti wamekuwa polepole.

Kuanzia mita 400 kwenda juu mizani iligeuka, na sikuitarajia. Nilikuwa na kundi linalokimbia mita 400 mara nane, pumziko dakika moja na nusu katikati. Ukiwa na mshale mrefu mweusi juu ya uso mweupe, husomi namba. Unaona umbo. Mshale ukifika kwenye 3 ni robo, ukifika kwenye 6 ni nusu dakika, na mtu wangu anapaswa awe pale kwenye mwembe. Nilikuwa nachungulia kwa nukta moja na kurudisha macho kwa wakimbiaji. Na vile vitufe! Vinaingia kwa mguso mmoja thabiti, kidole kinajua kimeelewana na saa hata usipotazama. Kwa GA-2100 lazima kwanza uingie kwenye hali ya kupimia muda kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara kadhaa. Siku moja nikiwa bado nabonyeza, nikasikia kutoka mbali, "Mwalimu, sisi tulishaanza!"

Namba za GA-2100 zenyewe zimo kwenye kidirisha kidogo chini kulia, na yangu ni ile ya namba za kijivu juu ya weusi. Saa saba mchana, jua la Kisumu likiwa utosini, inabidi niigeuzegeuze kama mtu anayetafuta mtandao. Hilo ni kosa langu mwenyewe, niliinunua kwa kupendezwa. Kama una zaidi ya miaka arobaini, tafuta rangi nyingine ambayo kidirisha chake ni cheupe chenye namba nyeusi.

Hata hivyo G-Shock ina mambo mawili ambayo kocha hayaachi. Kwanza, inaweza kusimamisha namba kwa muda huku hesabu ikiendelea ndani kwa ndani, hivyo wa kwanza akivuka unabonyeza, unausoma muda wake, na wa pili akivuka unabonyeza tena, saa moja imepima wawili. Pili, inahesabu hadi saa 24. Speedtimer ukomo wake ni dakika 60. Kwa mbio za uwanjani hutaufikia. Kwa mtu anayejipima nusu marathoni, au anayepika matumbo, ataufikia.

Takimita, au namna ya kumjua dereva

Ule ukingo wa namba unaozunguka uso wa Speedtimer, unaoanza na mamia na kuishia 60, watu wengi huuvaa maisha yao yote bila kujua ni wa nini. Ni takimita. Gari likipita nguzo ya kilomita unabonyeza, likifika nguzo inayofuata unabonyeza tena, na namba iliyo mbele ya mshale ndiyo kasi kwa saa. Hesabu yake ni 3,600 kugawanya kwa sekunde. Sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa. Sekunde 30 ni 120.

Namba ya kukariri kwa abiria wa Kenya ni 45. Sheria inaliwekea gari la abiria ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na 3,600 ukigawanya kwa 45 unapata 80 kamili. Nilipokuwa narudi Nakuru mwisho wa mwezi, kwenye nyanda za Kano ambako barabara imenyooka kama rula, nilipima mara tatu pale nilipobahatika kuona nguzo. Sekunde 47. Halafu 44. Halafu 41. Sikusema kitu, nilikaza tu mkanda, na huo haukuwa wa saa. Mama aliyekaa karibu nami alitazama saa, akatazama uso wangu, naye akaukaza wake.

Kwa mkimbiaji takimita haifai kama ilivyo, maana hakuna binadamu anayemaliza kilomita chini ya dakika. Lakini kuna ujanja: pima mita 100, kisha ondoa sifuri moja kwenye jibu. Mtoto akitumia sekunde 15, mshale unaonyesha 240, yaani anakwenda kilomita 24 kwa saa. Wanafunzi wanaupenda mchezo huu kuliko muda wenyewe, kwa sababu wanaweza kujilinganisha na bodaboda. GA-2100 haina takimita. Unatumia kichwa.

Shemeji huniambia takimita ndiyo roho ya saa ya namna hii, na hapo simpingi, kwa kuwa zilizaliwa kwa ajili ya mashindano. Mwaka 1821 fundi Mfaransa Nicolas Rieussec alizipima mbio za farasi mjini Paris kwa chombo kilichodondosha tone la wino kwenye uso wake kila farasi alipovuka, ndiyo maana jina kronografu kwa asili ya Kigiriki ni mwandika wakati. Wino uliondoka, jina likabaki.

Kiduara kimoja cha Speedtimer sikukielewa faida yake: kile cha saa 24. Mtu anayejua kama kumekucha au kumekuchwa hakihitaji. Na sisi tunaosema saa saba huku mshale mfupi ukiwa kwenye 1 tumeshazoea kuisoma saa kwa kuvuka ng'ambo; ukituletea kiduara kinachosema 13, unatuongezea mto wa pili wa kuvuka. Ningependelea pale pawe na dakika kubwa zaidi za kupimia.

Jasho, maji, jua

Speedtimer imeandikwa mita 100 za maji, GA-2100 mita 200. Kwa mtu wa kuogelea ziwani na kuoga zote zinatosha, usinunue ya 200 kwa hofu. La muhimu ni kwamba vitufe vya kronografu havibonyezwi saa ikiwa ndani ya maji au ingali imelowa, maana kila kitufe ni mlango. Ile ya mita 30 ni ya mvua na kunawa mikono tu, hata muuzaji akikuapia.

Saa yangu ya zamani, kabla ya hii, iliingia maji siku nilipoivaa ziwani, pale Dunga, na mita zake zilikuwa 100 vilevile. Wiki mbili kabla, fundi mmoja wa kibarazani alikuwa amenibadilishia betri. Aliufungua mgongo kwa ncha ya kisu, na aliporudisha, gasketi ile nyembamba ya raba ilikaa imejikunja upande mmoja. Niliona mwenyewe baadaye, ukungu ulipotanda chini ya kioo na fundi mwingine akaifungua mbele yangu: uzi mweusi umebanwa, umekatika. Kwa hiyo swali la betri ni swali la maji. Kila saa inapofunguliwa, unacheza kamari.

Hapo Speedtimer ina neema kubwa. Inakula mwanga. Ikishiba inakaa miezi sita hivi gizani bila kulia njaa, na ina kipimo usoni kinachokuonyesha kimebaki nini. Kisumu haikuwahi kushuka hata mstari mmoja. Nakuru, shemeji anasema, msimu wa baridi huwa anaisahau chini ya sweta na mshale wa kipimo unaanza kuteremka, kwa hiyo Jumapili anaianika dirishani pamoja na viatu. GA-2100 ya kawaida inatumia betri inayotarajiwa kukaa miaka mitatu hivi, na siku ikifika, mpelekee mtu mwenye gasketi mpya na subira.

Jasho nalo lina tabia zake. Raba ya G-Shock hukaa juu ya ngozi kama kifuniko, na baada ya wiki ya mazoezi nilikuwa nikipata vipele chini yake mpaka nilipojifunza kuivua na kuisuuza kila jioni. Cheni ya chuma haivuti ngozi, ila uchafu unajificha katikati ya pingili, mweusi kama masizi, unahitaji mswaki wa zamani na sabuni. Mkanda wa ngozi sizungumzii. Kwa unyevu wa huku, harufu yake itafika kabla yako.

Kioo cha Speedtimer ni cha yakuti, kigumu kukwaruzika. Nilikigongesha kwenye nguzo ya goli na sikuona alama. Cheni yake ndiyo iliyopata michubuko, upande wa kifungo, kwa kusugua meza. Nilimwomba shemeji radhi, akasema nusu ya michubuko ile ilikuwepo, ni ya kompyuta ya ofisini. Kioo cha GA-2100 ni cha kawaida, ila ukingo wa saa umeinuka kukizidi, kwa hiyo ikianguka kifudifudi raba ndiyo inayopigwa. Imeshaanguka kwenye saruji mara ambazo sizikumbuki.

Usahihi wa saa zenyewe usikuumize kichwa. Zote zinaruhusiwa kupotoka sekunde 15 kwa mwezi, kwenda mbele au kurudi nyuma.

Nyingine mnazoniuliza

Mwanafunzi anayekimbia na mfuko wake ni mwembamba: Casio F-91W. Ipo tangu 1989, ina gramu 21, inapima kwa sehemu ya mia hadi saa moja, na betri yake hukaa miaka saba hivi. Usiogelee nayo. Za bandia zimejaa; bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie sekunde tatu, ya kweli huandika jina la kampuni kwenye kioo. Isipoandika, ondoka.

Kocha anayetaka namba kubwa na hajali urembo: G-Shock DW-5600, ya mraba. Gramu 53, mita 200, na kidirisha chote ni namba. Nikianza upya leo ningenunua hiyo badala ya GA-2100.

Mnaoniuliza Omega Speedmaster kwa sababu ilikwenda mwezini mwaka 1969: ilikwenda kweli, NASA waliipitisha mwaka 1965. Inatiwa ufunguo kwa mkono kila siku, imeandikwa mita 50 za maji, na bei yake ni ya ploti. Ukiwa na ploti ya ziada, njoo tuzungumze.

Uamuzi wangu, na kituko cha shemeji

Ukipima watu wakikimbia mita 100 na 200, au ukishinda na kazi ya mikono, chukua GA-2100 ya kidirisha cheupe. Ukitaka saa moja tu ya kanisani, ofisini, safarini na mazoezini, na fedha si tatizo, Speedtimer, lakini siku hiyohiyo nunua na mkanda wa nailoni. Mkono ulio chini ya sentimita 16, jaribu Speedtimer kwanza: utaushukuru ule urefu wa 45.5. Shati la mikono mirefu kila siku, rudi kwa Casio.

Shemeji aliirudisha yangu stendi ya Nakuru akiwa amevaa nyingine mpya ya aina ileile, ya buluu. "Hii ni ya kukatia nyasi," akasema. Dada yake hajajulishwa, na sitakuwa mimi wa kumwambia.

Ukifika dukani, fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Tazama kama viduara vina mishale ya kweli, maana zipo saa ambazo vimechorwa tu kwa rangi. Bonyeza kitufe cha juu, mshale mrefu uondoke bila kusitasita. Acha dakika nzima ipite uone kama mshale mdogo wa dakika unasogea. Simamisha, kisha bonyeza cha chini: mshale mrefu urudi kwenye 12 barabara, si pembeni kidogo. Ukirudi pembeni si lazima iwe mbovu, nyingi za betri au mwanga hurekebishwa kwa kuvuta kizungushio hadi mwisho na kubonyeza vitufe mpaka mshale ulale mahali pake. Mwambie muuzaji airekebishe mbele yako. Na akikuharakisha kabla ile dakika moja haijaisha, mrudishie saa yake.